Muzee wa Garaji Anajibu: Filtri ya Mazutu (Dizeli), Lini na Wapi?

*Jambo sana Muzee. Mimi ni mama mchuuzi wa unga, nakaa Ruashi. Nina Hilux ya mazutu, moteri ya aina ya 5L, inayokwenda Kasumbalesa mpakani mara tatu kila wiki na kurudi imejaa. Tangu mvua zianze, gari likiwa na mzigo linakosa nguvu kwenye vilima. Shofere anakanyaga, halijibu, halafu linazima. Wakikaa kando ya barabara dakika kumi linawaka mara moja, linakwenda kilomita kadhaa, kisha shida inarudi. Fundi mmoja anasema pompa ya enjeksio imekufa, anataka kuishusha. Shofere anasema ni filtri, lakini filtri tuliibadilisha mwezi wa tano tu. Inaweza kuziba tena upesi hivi? Na kama ni kuibadilisha, tufanyie wapi: garaji kubwa la mjini, fundi wa hapa mtaani, au shofere mwenyewe njiani?*
Mama wa Ruashi, Lubumbashi

Jambo Mama. Kwanza kabisa, pompa isiguswe. Usikubali mtu afungue bolti hata moja ya pompa ile kabla filtri mpya haijaingia na tangi halijachunguzwa. Pompa ya enjeksio imefungwa kwa vipimo ili imwage mazutu kwenye moteri kwa wakati wake kamili. Ikishushwa na mtu asiye na vifaa, ikarudishwa imepinda hata kidogo, utakuwa na ugonjwa wa pili na ule wa kwanza bado upo palepale.

Kinachonifanya nimsikilize shofere wako ni zile dakika kumi. Filtri ni karatasi iliyokunjwa makunjo mengi ndani ya kopo la chuma. Gari likipanda kilima na mzigo, moteri inadai mazutu mengi, pompa inavuta kwa nguvu, na uchafu wote unabanwa kwenye karatasi hadi mafuta hayapiti. Moteri inakufa kwa njaa. Ukizima, mvuto unakwisha, uchafu unaachia karatasi na kushuka chini ya kopo, mafuta yanapenya polepole na kujaa upande wa pili. Unawasha, gari linakwenda kama halijawahi kuugua. Pompa iliyochakaa ina tabia nyingine: mara nyingi hukataa kuwaka moteri ikiwa ya moto, na unabaki unazungusha stata mpaka betri inachoka. La kwako linawaka mara moja na moteri bado ina joto. Ni njaa hiyo.

Sasa hilo la mwezi wa tano. Mama, filtri haihesabu miezi. Kutoka mjini hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90, kwenda na kurudi 180. Mara tatu kwa wiki ni 540. Tangu mwisho wa mwezi wa tano hadi hapa mvua zilipotukuta, weka wiki 26. Zidisha: kilomita 14,040. Filtri yako si mpya hata kidogo. Vitabu vingi vya magari ya mazutu hutaja kilomita 20,000 au zaidi, lakini vitabu hivyohivyo husema punguza ukiendesha kwenye vumbi, mizigo mizito na mafuta yasiyo na hakika. Sisi tunavyo vyote vitatu. Kwa gari linalofanya kazi kama lako nasema 10,000, na uiandike kwa wino kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa ndani ya boneti: tarehe na kilomita. Usimwachie mtu akumbuke kichwani.

Mvua nayo ina neno lake. Mnajaza mafuta wapi? Sina ugomvi na vijana wetu wa kadhafi, wale wanaouza mafuta kwa bidoni (madumu) kando ya barabara. Foleni ikiwa ndefu kituoni, au kituo kikikauka, wao ndio wanaotusafirisha, na wengi wao ni watu waaminifu wanaolisha watoto. Lakini bidoni inayolala nje usiku wa mvua, na kifuniko chake ni mfuko wa plastiki, inaingiza maji. Kitambaa wanachoweka kwenye faneli ya kumiminia kinazuia mchanga na majani, maji hakiyazuii. Na hapo naomba niseme neno kwa wasomaji wetu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaofika huku na malori: huku kwetu tukisema petroli tuna maana ya mafuta ya taa. Mnayoita petroli sisi ni esanse, na dizeli ni mazutu. Nimeona lori likijazwa kitu kingine kwa sababu ya neno hilo moja. Na wapo wanaochanganya mafuta ya taa ndani ya mazutu ili wapate faida. Hayo hayachujwi na filtri yoyote. Pompa ya 5L inalainishwa na mazutu yenyewe, haina oili nyingine, kwa hiyo mchanganyiko huo unaila kimyakimya. Nunua mahali pamoja unapopaamini, na ukilazimika kununua kwa bidoni, iache itulie kwanza na usimimine vidole viwili vya chini.

Chini ya filtri yako kuna bomba dogo la kutolea maji. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanakaa chini. Kila wiki, asubuhi kabla gari halijaguswa, shofere aweke chupa safi ya kioo chini yake, alegeze mizunguko miwili, apampu kwa kile kidude cha juu cha kiganja. Muangalie chupa kwenye mwanga. Mkiona mstari, chini yake kitu cheupe kinachong'aa na juu yake njano, hayo ya chini ni maji. Aendelee hadi yatoke mazutu matupu, afunge. Ni kazi ya dakika tano. Kuna taa ya filtri kwenye dashibodi inayopaswa kuwaka maji yakizidi, lakini kwenye magari mengi yanayoletwa kwangu waya wake umekatwa zamani, basi usiingojee.

Ukishatoa filtri ya zamani, usiitupe, na usimwachie fundi aitupe. Hili ndilo ninalolitaka kwa kila mwenye gari, nalisema miaka yote. Mwambie aikate mbele yako. Anamwaga kwanza mazutu yaliyobaki ndani ya sahani nyeupe ya bati, ile tunayolia bukari (ugali). Halafu anakata kopo kwa msumeno wa chuma karibu na ukingo wa juu, anatoa karatasi, anaikunjua. Mwezi uliopita tulikata moja ya Land Cruiser iliyotoka barabara ya Kasenga. Karatasi ilipaswa kuwa na rangi ya maziwa iliyochafuka kijivu. Ilikuwa nyekundu kama tope la uani, na kwenye kila kunjo kulikuwa na chembe ukizisugua kati ya vidole zinakwaruza. Kwenye sahani, chini ya mazutu, shanga za maji zilikuwa zinatembea, ukiinamisha sahani zinakimbilia upande mmoja pamoja. Mwenye gari alisimama akaangalia muda mrefu, akasema: kumbe nanunua haya. Tangu siku hiyo alibadilisha mahali pa kununua.

Chembe nyekundu zinazovutwa na sumaku mara nyingi ni kutu: tangi lako linaoza ndani au bidoni za muuzaji zinaoza. Chembe zisizovutwa mara nyingi ni udongo wetu. Ukiona ute mweusi unaonata na kunuka vibaya, hiyo ni vijidudu vinavyoota pale maji na mazutu yanapokutana, na hapo tangi lazima lishushwe lioshwe, maana filtri mpya itaziba ndani ya wiki. Na karatasi ikiwa safi kabisa, basi mimi na shofere wako tumekosea na utafutaji unaendelea. Unaona jinsi msumeno mmoja unavyomaliza ubishi wa watu watatu?

Swali lako la wapi. Fundi wa mtaani anatosha kwa 5L, Mama. Hakuna sababu ya kulipa bei ya mjini kwa kazi hii. Ninachokiangalia ni pale anaposimamisha gari. Sakafu ya saruji, au angalau udongo uliomwagiwa maji, si pembeni ya barabara ambapo kila lori likipita linatuletea vumbi. Asubuhi, kabla ya upepo. Mikono na funguo zimefutwa. Na wewe upo, umeketi kwenye kiti, unaona.

Nitakueleza kwa nini nasisitiza vumbi. Mwaka 1994 nilikuwa kijana wa kufuta funguo katika garaji moja. Tulitumwa kwenye lori lililokwama njia ya Kolwezi, jioni, upepo unavuma. Mkubwa wangu alinipa filtri mpya akasema ijaze. Nikachukua mazutu kwenye bidoni ya lori lenyewe nikamimina katikati, kwenye tundu kubwa, kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi. Tundu la katikati ni upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa. Yote niliyomimina, na mchanga wake, yalikwenda moja kwa moja kwenye pompa bila kupita karatasi hata kidogo. Lori liliwaka, tukashangilia. Siku ya tatu pompa ilikwama. Mwenye lori alikuwa baba wa watoto sita, na lori lile lilikaa miezi minne juu ya matofali. Nilimjua yule baba mpaka alipofariki, na kila nikikutana naye nilikumbuka tundu lile.

Kwa hiyo: filtri mpya ya mazutu iingie tupu, au kama kopo ni kubwa sana mafuta yamiminwe kwenye vile vitundu vidogo vya pembeni tu. Kazi ya kuijaza ni ya pampu ya kiganja. Inapigwa mpaka inakuwa ngumu chini ya mkono, ndipo moteri inawashwa. Kwa magari mapya ya mazutu yenye reli moja ya shinikizo, ambako enjekteri (midomo ya kunyunyizia mafuta) zinafanya kazi kwa zaidi ya bari 1,000, usimimine chochote ndani kabisa, na hayo ndiyo ninayoyapeleka kwa garaji lenye vifaa.

Jambo moja zaidi ambalo mafundi wengi hulipita. Kile kihisio cha maji kilicho chini ya filtri ya zamani kinahamishiwa kwenye mpya, pamoja na pete yake ya mpira. Pete ikiwa imekauka au imesahaulika, hutaona tone hata moja likidondoka, kwa sababu kutoka tangi hadi pompa mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Badala ya kutoa mafuta, panaingia hewa. Gari litasumbua kuwaka asubuhi na utalaumu filtri mpya kuwa ni bandia. Pete mpya, ipakwe mazutu safi, kopo likazwe kwa mkono: mpira ukigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Asitumie mnyororo kukaza.

Filtri bandia zipo, ndiyo. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, mlinganishe uzito, nyuzi za kufungia na mpira. Ukibonyeza mpira na ukucha ukabaki na alama kama nta, rudisha.

Na shofere njiani? Awe na filtri moja nyuma ya kiti, ndani ya mfuko wake usiofunguliwa, na funguo yake. Siku mtakapokwama usiku na unga nyuma na mvua juu, ataibadilisha pale walipo na mtafika nyumbani. Lakini hiyo ni ya dharura. Ile ya kawaida ifanywe siku ambayo gari haliendi, kabla ya safari, ili mlifanyie jaribio la kilomita chache hapa mjini.

Kama baada ya yote hayo bado linazima kwenye kilima, fanyeni hivi likizima tu: shofere ashuke, afungue kifuniko cha tangi, asikilize. Ukisikia tangi linavuta pumzi ndefu, tundu la hewa la kifuniko limeziba, na tangi linang'ang'ania mafuta yake. Kama ni kimya, kuna chujio dogo la waya ndani ya tangi kwenye mdomo wa bomba, likaangaliwe, na mipira ya kupitishia mafuta ichunguzwe kama imepasuka. Yakiisha yote hayo ndipo tuzungumze habari ya pompa.

*Muzee, nina Toyota Ist ninayoifanyisha taksi, naegesha Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Ikisimama kwenye taa inatetemeka, taa ya moteri inawakawaka. Fundi ananiambia nibadilishe filtri ya esanse kila miezi mitatu, ameshaniuzia mbili, lakini sioni anapoiweka. Iko wapi?*
Kijana wa taksi

Mwanangu, swali lako la mwisho ni zuri sana, na usimlipe mtu yeyote kabla hajalijibu. Ist ya kwanza, ile iliyoanza 2002, filtri yake ya esanse iko ndani ya tangi, imeshikana na pompa. Unainua kiti cha nyuma, unaondoa kifuniko cha bati, unaiona. Haipo chini ya boneti. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa na kopo la chuma karibu na moteri, lenye mshale unaoelekea kwenye moteri, na huenda fundi wako anakumbuka hizo. Kama hujawahi kuona kiti cha nyuma kikitoka, basi filtri yako haijabadilishwa.

Tena, sidhani inahitaji kubadilishwa. Linganisha na gari la Mama hapo juu. Filtri iliyoziba inaonekana moteri inapodai mafuta mengi: mlimani, mwendo wa kasi, abiria watano. Kwenye taa nyekundu moteri inakunywa kidogo mno, filtri chafu inamudu. Gari linalotetemeka limesimama na kwenda vizuri likipata mwendo linaniambia niangalie buji (plagi za cheche) na bobini (koili za kuzipa umeme). Una bobini nne, kila buji na yake. Peleka kwa mwenye skana. Akikuonyesha namba ya kosa P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi P0304. Hamisha bobini ya silinda inayolalamika uiweke kwa jirani. Namba ikihama nayo, umempata mgonjwa, nunua bobini moja. Usiendeshe muda mrefu taa ikiwakawaka, esanse isiyoungua inakwenda kuunguza katalizi, kile kisafisha moshi cha ekzosi.

Siku itakayokuja ambapo gari halivuti kwenye mwendo, omba kwanza lipimwe shinikizo la esanse kwa manometri. Moteri yako inataka bari 3 na kidogo. Shinikizo likiwepo, tangi lisifunguliwe. Lisipokuwepo, pompa na filtri vinashughulikiwa pamoja.

Na kufungua huko, mwanangu, nakuomba kama baba: si katika lupango (ua wa nyumba). Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu, unatambaa chini kama maji, unapita chini ya mlango, na kule nyuma mama amewasha mbabula (jiko la makaa) ya kupikia. Huuoni, hata harufu wakati mwingine umeizoea. Ifanyike mahali wazi, tangi likiwa karibu tupu, waya hasi wa betri umetolewa, kabla ya hapo moteri imeachwa izime yenyewe baada ya kuchomoa plagi ya pompa ili shinikizo liishe, na hakuna makala (makaa) yanayowaka hata kwa majirani. Hapa ndipo garaji la mjini linastahili fedha yake.

Nakuona pia, bila kukujua: taksi zetu zinajazwa lita mbili, lita mbili, siku nzima kwenye taa ya akiba. Najua fedha inakuja hivyo. Lakini pompa iliyo ndani ya tangi inapozwa na esanse inayoizunguka. Ukiweza, usiku mmoja kwa wiki acha sehemu ya malipo ya siku ndani ya tangi, lifike hata robo.

*Naweza kupuliza filtri ya mazutu kwa kompresa nikairudisha? Ya hewa huwa tunapuliza.*
Msomaji wa Likasi

Hapana, ndugu. Ya hewa ni kavu, na ukipuliza taratibu kutoka ndani kwenda nje unapunguza vumbi, ingawa hata hiyo ina mwisho wake. Ya mazutu imelowa, uchafu umeshikana na nyuzi za karatasi, na presha ya kompresa inapasua matundu usiyoyaona kwa jicho. Utairudisha, gari litapata nguvu palepale, utafurahi, kwa sababu sasa mafuta yanapita kwenye tundu bila kuchujwa. Enjekteri zako ndizo zitakazokuwa filtri. Ikate kwa msumeno, angalia ulichokuwa unanunua, nunua nyingine.